Mbona Siku Hizi Tunazaa Watoto Wachache?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mjini Wundanyi, katika kikao cha wakaazi cha kuadhimisha Siku ya Idadi ya Watu Duniani, Julai 11. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Nimepewa dakika ishirini. Kabla sijasoma takwimu yoyote, naomba tuhesabu sisi wenyewe. Waliozaliwa katika nyumba ya watoto saba au zaidi, inueni mikono. Asanteni. Naona mikono mingi, hasa upande huu wa wazee. Shusheni. Sasa naomba mikono ya wale ambao wao wenyewe wamezaa watoto saba au zaidi. Naona minne, mitano. Na hapa nyuma walipoketi vijana, hakuna hata mmoja.

Hayo ndiyo mazungumzo ya leo. Katika kizazi kimoja au viwili, nyumba zetu zimebadilika, na hakuna aliyetoa amri zibadilike.

Katika baraza moja hivi karibuni, mzee mmoja alisimama akasema kwa uchungu. Alisema zamani kengele ya shule ikilia, njia zote za mlimani zilijaa watoto, lakini leo walimu wanahesabu wanafunzi wachache darasani. Akauliza, "Je, tunakwisha?" Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu kwa heshima, "Baba, nionyeshe shamba la kumpa wa tatu, nitamzaa." Watu walicheka, lakini mimi nilirudi ofisini nikiwaza. Mzee aliuliza swali la kweli, na dada alitoa jibu la kweli. Leo najaribu kuyaweka pamoja.

Tuanze na takwimu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, utafiti wa kitaifa wa uzazi ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya angezaa takriban watoto wanane maishani mwake. Kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Utafiti wa mwaka 1989 ulipata 6.7. Mwaka 1998 kilikuwa 4.7. Mwaka 2014 kilikuwa 3.9. Utafiti wa karibuni, wa mwaka 2022, ulipata 3.4. Katika kaunti yetu ya Taita Taveta, utafiti wa 2014 ulipata 3.2, yaani chini ya wastani wa nchi wa wakati huo.

Watu huniuliza, huyo mtoto wa nukta nne anafananaje? Hakuna mtoto wa nukta. Wataalamu huangalia jinsi wanawake wa kila rika wanavyozaa wakati huu, kisha hupiga hesabu: mwanamke akipitia miaka yake yote ya uzazi kwa mwendo huo, atafikisha watoto wangapi? Jibu la mwaka 2022 ni watatu, na kwa wengine wanne. Ni wastani. Jirani yako anaweza kuwa na sita na wewe ukawa na mmoja.

Sasa, je, tunakwisha? Hapana, mzee wangu, hatukwishi. Sensa ya mwaka 1979 ilihesabu Wakenya milioni 15.3. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Hapa Taita Taveta, mwaka 2009 tulikuwa 284,657, na mwaka 2019 tukawa 340,671. Tumeongezeka zaidi ya watu elfu hamsini na tano katika miaka kumi, na huo ndio wakati ambao kila nyumba inazaa wachache kuliko zamani.

Inawezekanaje? Mchukueni mama aliyezaa watoto wanane, wanne wakiwa wasichana. Wasichana hao wamekuwa akina mama, na kila mmoja amezaa watatu tu. Wote wanasema wana familia ndogo, na ni kweli. Lakini ukiwakusanya watoto wao, ni kumi na wawili, na bado hujawahesabu wa wajomba zao. Familia ndogo za leo ni nyingi kwa sababu familia za jana zilikuwa kubwa. Ndiyo maana idadi ya watu itaendelea kupanda kwa miaka mingi hata kiwango cha uzazi kikishuka.

Na zile shule za mlimani? Mzee ameona kwa macho yake, wala simpingi. Lakini pale mambo mawili yamechanganyika. Moja ni kwamba kila nyumba ina watoto wachache. La pili ni kwamba vijana wengi wameshuka Voi, wamekwenda Mombasa au Nairobi, na wamezalia huko. Watoto hawajapotea, wengine wanasoma mjini. Ukitaka kujua kijiji kinapunguziwa watu na nini, usiangalie wodi ya wajawazito peke yake. Angalia pia kituo cha matatu.

Sasa tuangalie sababu. Kwa nini wazazi walibadilika?

Sababu ya kwanza wengi huisahau: watoto wanaishi. Mama zetu walizaa wengi pia kwa sababu walizika wengi. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 115 hawakufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 41. Bado 41 ni wengi, na kila mmoja ana mama yake anayemlilia. Lakini mzazi anayeamini kwamba watoto wake watatu watakua hana haja ya kuzaa wanane ili wabaki watano. Chanjo, chandarua, maji safi na mama kujifungulia hospitalini vimechangia mabadiliko haya.

Sababu ya pili ni shule. Zamani mtoto wa miaka saba alichunga mbuzi, alichota maji, alikuwa mikono ya nyumba. Leo mtoto huyo yuko darasani, na anahitaji sare, viatu, vitabu na chakula cha mchana. Elimu ya msingi ilifanywa bila malipo mwaka 2003, lakini kila mzazi hapa anajua kwamba "bila malipo" hakumalizi gharama, na kwamba karo ya bweni ni habari nyingine. Tena shule imembadilisha mama mwenyewe. Katika utafiti wa 2022, wanawake ambao hawakupata elimu yoyote walikuwa na wastani wa watoto 6.3, na waliosoma kupita sekondari walikuwa na 2.8. Msichana anayebaki shuleni huolewa baadaye, hupata kipato chake, na sauti yake husikika nyumbani.

Sababu ya tatu ni ile aliyoitaja dada yetu: ardhi. Sisi wa kaunti hii tunaijua vizuri kuliko wengi. Zaidi ya nusu ya eneo letu ni mbuga za Tsavo, na sehemu nyingine kubwa ni ranchi na mashamba ya mkonge. Mlimani, familia ina kipande huku juu na kingine kule bondeni. Chukueni babu aliyekuwa na ekari sita. Akawagawia watoto wanne, kila mmoja akapata ekari moja na nusu. Kila mmoja wao akiwagawia watoto watatu, ni nusu ekari. Na kumbukeni kwamba sheria ya urithi haimbagui binti. Kizazi cha tatu kinarithi mahali pa kujenga nyumba na kupanda sukuma wiki. Wazazi wanaijua hesabu hii hata kama hawajawahi kuiandika.

Sababu ya nne ni njia za kupanga uzazi. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi mwaka 1967, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Kwa miaka mingi matokeo yalikuwa madogo. Mwishoni mwa miaka ya sabini, ni takriban wanawake 7 kati ya 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote. Mwaka 2022, wanawake 57 kati ya 100 walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa: sindano, vijiti, vidonge, kitanzi na nyinginezo. Zingatieni mpangilio wa mambo: dawa peke yake haikubadilisha familia. Watu walipotaka familia ndogo, ndipo walipohitaji njia ya kuipata, na njia ilipokuwa karibu, wakaitumia.

Hapa kuna onyo ambalo naomba tulishike. Baada ya kushuka kwa kasi, kiwango cha uzazi nchini kilisimama. Mwaka 1998 kilikuwa 4.7, na mwaka 2003 kilikuwa 4.9. Wataalamu wametaja sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa kwamba fedha na macho ya wafadhili yalielekezwa kwa janga la Ukimwi, na huduma za upangaji uzazi zikadhoofika. Waliopata mimba bila kupanga miaka ile hawakuwa wamebadili nia. Wengi walibadilikiwa na huduma. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya afya duniani, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoitegemea. Tusifikiri kwamba takwimu hizi hushuka zenyewe kama maji ya mto. Zinaweza kusimama, na zikisimama, anayeumia ni mama aliyefika zahanati akaambiwa arudi wiki ijayo.

Wengine wenu, hasa vijana, mmeona kwenye simu habari za Korea Kusini na Japani: shule zinafungwa, vijiji vimebaki na wazee. Ni kweli. Korea Kusini miaka ya sitini ilikuwa na takriban watoto sita kwa kila mwanamke, karibu kama sisi. Mwaka 2023 ilifika 0.72. Ili watu wajirudishie idadi yao bila kuongezeka wala kupungua, inahitajika takriban 2.1. Sisi tuko 3.4. Kwa hiyo hofu ya Korea si hofu yetu ya leo. Lakini kuna somo moja: Korea ilitumia miaka ile ya kati, wakati watoto wamepungua na wazee bado si wengi, kusomesha watu wake na kujenga viwanda. Ilipata mali kabla ya kuzeeka. Sisi ndio tunaingia katika miaka hiyo ya kati sasa. Katika sensa ya 2019, Wakenya watatu kati ya kila wanne walikuwa chini ya miaka 35. Hiyo ni nguvu, lakini kijana asiye na kazi wala ujuzi hawezi kuibeba nchi kwa sababu tu ya umri wake.

Nataka pia tuchungulie nyuma ya wastani, kwa sababu wastani huficha watu. Nchi yetu moja ina Nairobi yenye wastani wa 2.5 na Mandera yenye 7.7. Katika utafiti huo wa 2022, wasichana 15 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kule Samburu ilikuwa nusu yao. Huyo msichana hakuchagua familia kubwa wala ndogo. Hakupewa nafasi ya kuchagua. Na kati ya wanawake walioolewa, 14 kati ya 100 hawakutaka kuzaa wakati ule, au hawakutaka kuzaa tena, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Wengine wanaogopa maneno ya mtaani, wengine wamekatazwa na waume zao, wengine wako mbali na zahanati.

Na kuna kundi la tatu ambalo halisemwi barazani: wanaotafuta mtoto na hawapati. Tunapozungumza kuhusu kuzaa wachache, tusiwaongezee maumivu. Tatizo hilo laweza kuwa la mume au la mke, na mara nyingine huanza na maambukizi ambayo yangetibiwa mapema. Waende wote wawili hospitalini. Mwanamke asifukuzwe nyumbani kwa jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Basi serikali ya kaunti inasema nini? Kwanza, naomba ieleweke wazi: haimwambii mtu azae wangapi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, pamoja na afya ya uzazi. Kuamua ni kazi yenu. Kazi yetu ni kuhakikisha uamuzi huo unawezekana. Na Katiba hiyohiyo imezipa kaunti zahanati, vituo vya afya na shule za chekechea. Yaani mwanzo wa maisha ya mtoto uko mikononi mwa kaunti. Watoto wakiwa wachache kila nyumba, hatuna kisingizio cha kuwalea vibaya. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Zamani tuliusema mkutanoni tukapiga makofi. Sasa methali hiyo imekuwa bajeti.

Kuna jambo lingine ambalo naona hatujalizungumza vya kutosha, nalo linawahusu wazee walioketi hapa. Mzee mwenye watoto wanane, hata watano wakiondoka, hubakiwa na watatu wa kumtazama. Mzee mwenye wawili, wote wakiwa Mombasa, ni nani atampeleka kliniki ya presha? Nani atamchotea maji? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi, na idadi yao itazidi kupanda. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia zao na Serikali. Wote wawili, si mmoja. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinasaidia, lakini shilingi hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Tulipopunguza watoto, tulipunguza pia mikono ya uzeeni, na mikono hiyo lazima tuitafute mahali pengine: kwa majirani, makanisa na misikiti, vyama vya akina mama, na wahamasishaji wetu wa afya wanaotembea nyumba hadi nyumba.

Nina maombi manne, kisha nikae.

Moja, kwa akina baba: fuataneni na wake zenu kliniki angalau mara moja. Ulizeni maswali yenu pale, kwa muuguzi, badala ya kuyauliza kijiweni.

Mbili, kwa kila mtu anayetumia njia ya kupanga uzazi: ukifika zahanati ukakuta haipo, usirudi nyumbani kimya. Mwambie mhamasishaji wa afya wa kijiji chako au mwakilishi wadi. Upungufu usioripotiwa hauonekani kwenye karatasi za mtu yeyote.

Tatu, kwa wazazi wa wasichana: mtoto wako akipata mimba, maisha yake ya shule hayajaisha. Sera ya elimu inamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Na aliyempa mimba, kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, ni kesi ya polisi. Tusimalize mambo hayo kwa mbuzi.

Nne, kaunti itakapoitisha vikao vya umma vya bajeti, njooni. Ulizeni chekechea ya kijiji chenu imepata nini, na wazee wenu wamepangiwa nini. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu.

Narudi kwa mzee wetu na kengele yake ya shule. Mzee, ulichozoea ni kuona njia zimejaa watoto. Lakini wengi katika wale hawakumaliza darasa la saba, na wewe unawajua waliozikwa kabla ya kuanza la kwanza. Waliopo leo ni wachache kwa kila nyumba, ila wengi wao wataishi, na wengi watamaliza. Swali ulilouliza, kama tunakwisha, tumelijibu. Lililobaki ni hili: hawa wachache tulio nao, tutawafanyia nini ambacho hatukuweza kuwafanyia wale wengi? Na wao wakiwa wawili tu, tutawasaidiaje ili waweze kukutunza wewe?

Hilo haliwezi kujibiwa na takwimu. Litajibiwa katika nyumba hizi, na katika vikao hivyo vyenye viti vitupu.